UVIMBE UMEPUNGUA, DAWA BADO
Jinsi dawa za saratani ya damu zilivyopatikana, na kwa nini hatuwezi kuzikatiza

(Haya ni mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii wa idara ya maendeleo ya jimbo, mbele ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wahudumu wa afya wa vijijini. Tumeyachapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Padre ameniomba nizungumze juu ya saratani ya damu, na amenipa dakika arobaini. Nitajitahidi. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufika nyumbani kwa mgonjwa baada ya daktari kumaliza kazi yake, na huko nyumbani ndiko nimeona jambo lililonileta hapa. Mtoto wetu anafikishwa hospitali. Anapata dawa, na dawa inafanya kazi. Halafu sisi wenyewe tunamtoa kabla haijamaliza. Kuna utafiti uliofanywa kule Eldoret juu ya watoto waliougua saratani kati ya mwaka 2007 na 2009. Zaidi ya nusu waliacha matibabu katikati. Zaidi ya nusu, wapendwa. Kwa hiyo leo nataka niwaeleze dawa hizi zilitoka wapi, kwa sababu mtu akijua zilivyopatikana ataelewa mwenyewe kwa nini daktari anasema rudi, na tena rudi, hata mtoto akiwa anaruka kamba.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Damu yetu hutengenezwa ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mfupa ambao watoto hugombania siku ya nyama. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili, na vile vijichembe vya kugandisha damu mtu akijikata. Sasa mara nyingine chembe nyeupe moja inaharibika. Inasahau kazi yake, inasahau hata kufa, inazaa tu. Zikijaa kwenye uboho na kwenye damu tunaita lukemia. Mtoto anaishiwa damu, homa haziishi, anatoka damu puani na kwenye ufizi. Zikijikusanya kwenye tezi au mahali pengine na kufanya uvimbe tunaita limfoma. Na limfoma tunayoijua sana sisi watu wa magharibi mwa Kenya, pamoja na ndugu zetu wa pwani na wa Uganda, ni ile ya taya, inayoitwa limfoma ya Burkitt.

Hiyo mmeiona. Mtoto wa miaka 4 hadi 9 hivi, shavu linavimba, meno yanalegea. Watu wanasema ni jino. Linang'olewa, wiki ijayo linang'olewa jingine, na mwezi umekwisha. Wengine wanasema ni jicho la mtu. Lakini ugonjwa huu hauna subira kama saratani nyingine: chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mara nyingine hauanzii tayani, unaanzia tumboni au nyuma ya jicho. Na hauambukizwi kwa kula sahani moja, msiwatenge watoto.

Haya, tuje kwenye dawa.

Miaka ya 1940 lukemia kali ya mtoto ilikuwa hukumu. Tena sisemi Afrika, nasema kila mahali, mpaka Marekani kwenye hospitali zenye lifti. Mtoto aliishi wiki chache au miezi michache, basi. Katika mji wa Boston alikuwako daktari Sidney Farber, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vipande vya miili ya wagonjwa na maiti za watoto. Aliona kwamba watoto wenye lukemia waliopewa dawa za jamii ya foliki walionekana kuzidiwa badala ya kupata nafuu. Akina mama, foliki mnaijua. Ni ile ya vidonge mnavyopewa kliniki mkiwa wajawazito. (Na endeleeni kuimeza, mtu asitoke hapa akasema mfanyakazi wa jamii amekataza foliki! Kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni ni kitu kizuri kabisa.) Foliki inasaidia chembe kuzaliana, na chembe za saratani zinaitaka sana kwa sababu zinazaliana bila kupumzika.

Farber akawaza: je, tukizipa foliki ya bandia? Kitu kinachofanana na foliki, chembe ikipokee, halafu kikwame mle ndani, kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini haufungui, na ule wa kweli sasa hauna nafasi. Aliyemtengenezea vitu hivyo, yeye na wenzake, alikuwa mtaalamu wa kemia kutoka India, Yellapragada Subbarow, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya dawa huko New York. Watu wachache wanalijua jina lake, na mimi huona vibaya nikisikia historia hii ikisimuliwa bila yeye. Dawa iliitwa aminopterini. Farber alianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 1947, na mwezi wa Juni 1948 akaandika matokeo: watoto 16, kati yao 10 walipata nafuu. Watoto waliokuwa wanangoja kufa waliinuka, wakala, wakacheza.

Halafu ugonjwa ukarudi.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana ndipo penye shida yetu pia. Ile nafuu ilikuwa ya kweli, macho ya wazazi hayakuwadanganya. Hata kwenye darubini damu ilionekana imesafika. Sasa kama imesafika, ugonjwa ulirudi kutoka wapi?

Nitawapa mfano wa huku kwetu, bila majina. Mtoto wa darasa la pili, shavu lilivimba wakati wa likizo ya Aprili. Alipelekwa hospitali kubwa, akachunguzwa, akaanza dawa. Haikupita wiki uvimbe ukaanza kunywea. Baada ya dozi ya pili uso ulikuwa umerudi uso. Mama yake alikuwa ameacha wengine wanne nyumbani, mahindi yanataka kupaliliwa, na bili inapanda kila siku anayolala pale. Jumapili moja, saa za kuwaona wagonjwa, alimvika nguo za nyumbani akatoka naye kama mgeni aliyekuja kusalimia. Nilipowafikia ilikuwa Agosti. Tumbo la mtoto lilikuwa limejaa, hawezi kuketi sawasawa. Tulimrudisha, akapewa tena dawa zilezile, na safari hii hazikumsikia. Tulimzika Septemba. Mama yule si mjinga, na wala hakukosa upendo. Aliona uvimbe umekwisha, na hakuna mtu aliyekuwa amekaa naye chini kumfanyia hesabu ambayo nitawafanyia ninyi sasa.

Hesabu hii tunaidai kwa mtu anayeitwa Howard Skipper, wa Alabama huko Marekani, aliyefanya kazi na panya wenye lukemia. Miaka ya 1960 alionyesha mambo mawili. La kwanza, chembe moja tu ya lukemia iliyobaki hai inatosha kumuua panya. La pili, dozi ya dawa haiui idadi fulani ya chembe, bali inaua fungu. Yaani kama dozi inaua 99 katika kila 100, itaua 99 katika kila 100 hata zikiwa nyingi, hata zikiwa chache.

Fuateni basi. Mgonjwa anapofika hospitali ugonjwa umeonekana wazi, anaweza kuwa na chembe za saratani zipatazo trilioni moja. Ni moja na sifuri kumi na mbili. Dozi ya kwanza inaua 99 kwa kila 100. Zimebaki bilioni 10. Dozi ya pili, zimebaki milioni 100. Milioni 100 za chembe hizo, ukizikusanya pamoja, hazifikii uzito wa gramu moja. Huwezi kuziona, huwezi kuzishika kwa kidole, na mtoto hasikii maumivu yoyote. Hapo ndipo mama alipomvika mtoto nguo za nyumbani. Dozi ya tatu ingeacha milioni 1, ya nne 10,000, ya tano 100, ya sita moja. Hii ni hesabu ya ubaoni tu, jamani, mgonjwa halisi hafuati ubao. Chembe nyingine huzaliana kati ya dozi moja na nyingine, na dawa hazina nguvu sawa kwa kila mtu. Lakini mnaona kilichotokea. Uvimbe unakwisha mapema sana, na kazi kubwa iko baada ya uvimbe kwisha.

Ninyi wakulima mnalijua lile gugu la maua ya zambarau, kayongo, linalonyonya mahindi. Ukiling'oa lote leo shamba linapendeza, mgeni akipita atakusifu. Lakini mbegu ziko chini, nazo ni ndogo kama vumbi, zinakaa miaka. Nani kati yenu amemaliza kayongo kwa palizi moja?

Kuna jambo la pili lililowapa madaktari taabu. Katika mamilioni ya chembe huwa zimo zile sugu ambazo dawa fulani haizigusi. Ukitumia dawa moja unaua dhaifu na kuziachia sugu shamba lote. Tumeona mambo kama hayo kwa kifua kikuu, ndiyo maana mgonjwa wa TB hupewa dawa kadhaa pamoja. Kwa hiyo ilibidi zipatikane dawa nyingine zinazoua kwa njia nyingine. Gertrude Elion na George Hitchings walitengeneza merkaptopurini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1953; miaka mingi baadaye, mwaka 1988, walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza James Black. Na nyingine ilitoka kwenye ua.

Ua lenyewe mnalo nyumbani. Ni lile dogo lenye petali tano, la rangi ya waridi au jeupe, linalopandwa mbele ya nyumba na linalovumilia jua kuliko mengine yote. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Watu wa Jamaika walikuwa wakichemsha majani yake kama dawa ya kisukari. Majani hayo yalifika kwa watafiti wawili wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer. Kwa upande wa sukari hawakuona kitu cha maana, lakini waligundua kwamba panya waliodungwa maji yake walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Ndugu zangu, hapo wangeweza kuyatupa. Wao wakawaza kinyume: kama kinapunguza chembe nyeupe, si ndicho anachokitaka mtu ambaye chembe nyeupe zimemzidi? Mwaka 1958 walitangaza dawa waliyoitoa humo, vinblastini, na baadaye kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ikatoa ndugu yake, vinkristini, ambayo mpaka leo watoto wetu wanadungwa kwa limfoma na lukemia.

Ninaona mama mmoja anatabasamu, na ninajua anachowaza. Tafadhali msiende kuchuma. Mmea ule ni sumu. Kinachotolewa humo ni kidogo sana kutoka kwa magunia na magunia ya majani makavu, kinasafishwa, kinapimwa kwa milligramu kulingana na mwili wa mtoto, na hata hivyo kikitoka nje ya mshipa kinachoma nyama. Sufuria haipimi milligramu.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu na Washington, madaktari Emil Frei na Emil Freireich walithubutu kuwapa watoto wa lukemia dawa nne kwa pamoja. Wenzao waliwalaumu wakisema ni ukatili kumpa mtoto sumu nne. Lakini damu ilisafika kwa muda mrefu kuliko ilivyowahi kuonekana. Halafu wakapata pigo: watoto walirudi wakiumwa kichwa na kutapika. Ugonjwa ulikuwa umejificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa nyingi za mshipani hazifiki vizuri. Ndiyo sababu ya ile sindano ya mgongoni ambayo wazazi wetu wanaikataa sana. Nimesikia ikisemwa kwamba inalemaza. Dawa inapelekwa pale kwa sababu pale ndipo adui anapojificha, na kumnyima mtoto sindano hiyo ni kumwachia mlango wazi.

Aliyeyaunganisha yote hayo akathubutu kulitaja neno kupona alikuwa Donald Pinkel, katika hospitali ya watoto ya Mtakatifu Yuda Tadei mjini Memphis. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1962. Mwanzilishi wake, Danny Thomas, alikuwa msanii Mkatoliki mwenye asili ya Lebanoni, ambaye alipokuwa hana kitu alimwekea Mtakatifu Yuda nadhiri. Ninyi mnaosali novena ya Mtakatifu Yuda mtaipenda habari hiyo, na ni ya kweli. Kufikia mwaka 1970 karibu nusu ya watoto wao wa lukemia ya aina iliyo ya kawaida kwa watoto walikuwa wakipona. Leo katika nchi tajiri wanapona watoto 9 kwa kila 10 hivi. Na dawa nyingi wanazotumia ni zilezile za zamani. Kilichobadilika ni kuzipanga, kuzipima, na kuzimaliza. Matibabu ya lukemia hiyo huchukua miaka miwili mpaka mitatu. Limfoma ya Burkitt ni miezi tu. Yetu ndiyo fupi, na bado tunaikatiza!

Nikisema "yetu" nina maana yangu. Watu wanafikiri haya yote yametoka Ulaya na Marekani. Sikilizeni. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya pande zote. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Baadaye kidogo akaona mwingine, akaanza kuuliza. Mwaka 1958 aliandika habari hiyo kwenye jarida la wapasuaji. Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za Afrika nzima, nyingi zikiwa za misheni, akiuliza: je, mnaona watoto kama hawa? Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari kuukuu wakasafiri wiki kumi, karibu kilomita 16,000, mpaka Johannesburg na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Burkitt alikuwa na jicho moja, la pili alilipoteza utotoni. Walichoona ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, mahali palepale penye malaria nyingi. Na mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein na wenzake walikuta virusi ndani ya chembe za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Virusi hivyo karibu kila mtoto wetu anavipata bila kudhurika. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayowafungulia njia. Chandarua basi ni sehemu ya mazungumzo haya, ingawa mlikuwa mmeniita kwa dawa.

Kampala wakati ule hapakuwa na mashine za mionzi, na kisu hakikufaa kwa ugonjwa unaokimbia hivyo. Zikabaki dawa. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford hapa Nairobi walizijaribu: methotreksati, ambayo ni ndugu wa ile aminopterini ya Farber, na siklofosfamidi, na vinkristini ya lile ua. Uvimbe mkubwa uliyeyuka kwa siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa, hata waliopata dozi moja au mbili tu.

Najua hapo mmenishika. Mtasema: si wewe umetuambia dozi mbili hazitoshi? Ni kweli, walikuwako waliopona kwa hizo. Lakini wengi ugonjwa uliwarudia, na hakuna daktari aliyeweza kumtazama mtoto akasema huyu ni wa kundi lile na huyu wa kundi hili. Mpaka leo huwezi kuona kwa macho. Kwa sababu hiyo mwaka 1967 kilianzishwa kituo cha kutibu limfoma pale Mulago, kwa ushirikiano wa Makerere na Marekani, akikiongoza John Ziegler, ili wajue ni mpango gani wa dawa unaowaponya wengi na unaozuia ugonjwa usirudi. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati wa Idi Amin Wamarekani waliondoka, na Mganda, Profesa Charles Olweny, akashika usukani. Mwaka 1972 tuzo kubwa ya utabibu ya Marekani, iitwayo Lasker, iliwakumbuka watu wa dawa za saratani, wakiwamo Burkitt na Ziegler, na pia Mwafrika, Victor Anomah Ngu wa Kamerun, aliyetibu limfoma hiyo huko Ibadan, Nigeria. Ulimwengu ulikuwa umejifunza kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake, na sehemu ya somo hilo ilitoka kwa watoto wa Uganda, Kenya na Nigeria. Majina ya watoto hao hayamo vitabuni.

Kwa watu wazima nitapita haraka. Kuna lukemia moja inayokwenda polepole. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu moja ya wagonjwa hao ni fupi isivyo kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba vipande vya kromosomu mbili vimebadilishana mahali. Kosa hilo moja ndilo linalowasha ugonjwa, kama swichi iliyokwama. Kikatafutwa kidonge cha kuizima swichi hiyo tu. Daktari Brian Druker alianza kukijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998, na mwaka 2001 kikaruhusiwa Marekani kwa jina la Gleevec, yaani imatinibu. Bei yake huko ilikuwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwezi. Nani angeweza? Tangu 2002 kampuni yenyewe ikishirikiana na shirika la Max Foundation ilianza kukitoa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi, Wakenya wakiwamo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu kabisa ya India ilikataa kuipa kampuni hiyo hataza mpya, na viwanda vya India vikaendelea kukitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likakitia kwenye orodha ya dawa za lazima. Mgonjwa anameza kila siku na anaishi, analima, anasomesha. Na shida ni ileile: akijisikia mzima anaacha, au anamgawia jirani nusu. Asigawe. Na asiache mpaka daktari mwenyewe aseme.

Sasa neno "majaribio". Nalisikia sana: "Hospitali kubwa wanawafanyia watoto wetu majaribio." Siwezi kusema hofu hiyo ni ya kipumbavu, watu wetu wamewahi kutendewa mambo bila kuulizwa. Lakini jueni tofauti. Dawa za kawaida za limfoma ya Burkitt zimetumika zaidi ya miaka sitini, wala si majaribio. Ikiwa kweli kuna utafiti, sharti uelezwe kwa lugha unayoielewa, na uwekewe karatasi ya ridhaa mbele yako. Uliza: dawa hii mpya inalinganishwa na nini? Nikikataa, mtoto ataendelea kupata matibabu ya kawaida? Jibu la swali la pili lazima liwe ndiyo. Na unaweza kujitoa baadaye bila kufukuzwa. Asiyekujibu hivyo, usitie sahihi, nipigieni simu mimi au mwambieni Sista.

Lingine: maombi. Tuwaombee wagonjwa, tuwaitie padre kwa Mpako wa Wagonjwa. Lakini msimtoe mtoto wodini kumpeleka mkesha. Katika Yoshua bin Sira sura ya 38 tabibu anaheshimiwa pamoja na sala, someni wenyewe mkifika nyumbani.

Na nisiwadanganye, si kila mtoto anayemaliza dawa anapona. Wengine wanafika wamechelewa, wengine mwili hauwezi. Ninachosema ni kwamba anayemaliza ana nafasi nzuri, na anayeacha katikati nafasi yake ni ndogo mno.

Jumuiya ifanye nini? Wazazi wengi hawaachi kwa kukosa akili. Wanaacha kwa sababu ya nauli, bili, na wale watoto waliobaki nyumbani. Daktari akimpa mtoto ruhusa ya wiki mbili au tatu kati ya dozi ni ili damu yake ijijenge upya kabla ya kupigwa tena. Hiyo ndiyo wiki ya hatari. Nauli ya kurudi iwe imeshachangwa kabla hajatoka hospitali, isisubiri harambee. Andikeni tarehe za dozi kwenye kalenda ya ukutani, na mtu mmoja wa jumuiya, mtu anayetajwa kwa jina, aende nyumbani siku mbili kabla ya kila tarehe. Mama akiwa wodini, shamba lake lipaliliwe na watoto wake wale kwa zamu. Hilo peke yake lingemwokoa yule niliyewasimulia, angalau lingempa nafasi.

Mtoto aliye kwenye dawa hizi akipata homa, usingoje asubuhi na usimpe dawa ya maumivu ukalala. Askari wake wa mwili wamepungua, na homa ndogo inaweza kumuua usiku mmoja. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme mapema kwamba yuko kwenye dawa za saratani. Dawa za miti msimchanganyie. Nawaheshimu wazee wanaozijua, lakini ini la mtoto tayari limebeba mzigo. Nywele zitang'oka, zitaota tena.

Bima: tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni mkiwa wazima, watoto wote waandikwe chini ya mzazi, na michango iwe imelipwa. Ule utafiti wa Eldoret ulionyesha pia kwamba watoto waliokuwa na bima walikuwa na nafasi nzuri zaidi. Kama bili imezidi, nendeni kwa mfanyakazi wa jamii wa hospitali kabla ya siku ya kutoka. Msitoroke. Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi hiyo, na kazi yao ni kama yangu.

Sista ana karatasi pale mezani. Kila jumuiya iandike jina la mtu mmoja atakayefuatilia wagonjwa, na namba ya simu inayopatikana. Jumuiya tatu tayari zina mtoto aliye kwenye dawa sasa hivi. Viongozi wao wabaki kidogo, tarehe inayofuata ya mmoja wao ni Jumanne na nauli bado.